Asubuhi Makaburini, Mchana Mezani

Wiki ijayo ni tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi. Wageni walioingia Lubumbashi karibuni hushangaa asubuhi hiyo wakiona watu na majembe mabegani, na wote wamevaa kama wanaokwenda kazini, ingawa ni siku ya mapumziko. Basi kwa ajili yao nieleze kidogo. Ninyi wenyeji mnivumilie.

Siku ya wazazi hapa Kongo ina nusu mbili. Asubuhi ni ya wazazi waliokufa. Tunakwenda makaburini na mapanga, ndoo za maji, fagio, wengine na kopo la chokaa. Mwezi wa 8 majani yamekauka, ukiyavuta yanatoka na mizizi yake na vumbi jekundu linakujaa machoni. Tunafyeka, tunafagia, tunapaka msalaba rangi, tunasali, na wako wanaoinama wakampa marehemu habari za nyumbani: fulani ameoa, fulani amepata kazi ku migodi, fulani bado ni yule yule. Mchana ni wa wazazi walio hai. Tunarudi, tunanawa, tunabadili nguo. Mama anavaa kitenge kipya, bukari, yaani ugali, inasongwa, kuku na sombe, yaani kisamvu, vinafika mezani, na kwa wanaokunywa, bia ya Simba inafunguliwa. Sikukuu hii tuliirithi toka enzi ya Zaire. Kati ya mengi tuliyorithi toka enzi ile, mimi nasema hii ni mojawapo ya machache yaliyofikiriwa vizuri. Mtu aliyetoka kung'oa majani juu ya kaburi la baba hali chakula cha mchana kama mtu aliyetoka kitandani. Anamtazama mama yake vizuri zaidi. Anaona mikono yake imezeeka.

Lakini kuna jambo linalonikera kila mwaka, nalo ndilo ninalotaka tuongee leo. Pale makaburini sote tunafika kama wageni. Tunapita kati ya mistari, tunasoma majina na miaka, tunapiga hesabu kimoyomoyo: huyu alizaliwa mwaka mmoja na mimi. Halafu tunageuza uso haraka. Upande wa mwisho, ile sehemu yenye majani ambayo haijachimbwa bado, hakuna anayeitazama. Ile ndiyo yetu.

Si kwamba watu wa Lubumbashi hatujui kifo. Kwa kifo cha mwenzetu sisi ni mabingwa. Matawi ya mitende yakisimamishwa kando ya barabara, dereva anapunguza mwendo bila kuambiwa. Anajua kuna kilio. Hema linafungwa, viti vya plastiki vinakodiwa, wanaume wanakesha nje kwenye moto, wanawake wanakaa chini kwenye mikeka kumzunguka mjane. Karibu na mlango wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, kuna meza ndogo, juu yake sahani iliyofunikwa kitambaa, na kijana mwenye mwandiko mzuri ameshika daftari. Nimewahi kuombwa kulishika daftari la namna hiyo usiku mzima. Majina yanaandikwa kushoto, kiasi kulia, na wasio na franga wanaandikiwa walichobeba: mfuko wa unga, makaa, mafuta lita 5. Daftari hilo halitupwi. Linahifadhiwa kabatini, na siku kilio kikiwa kwako watalifungua kuona wewe kwao ulileta nini.

Na tuna hata wa kutuchekesha. Wabemba, Walamba na jirani zao wana bunungwe, ule utani wa koo kwa koo. Mnungwe akifika kwenye kilio hana adabu. Anamgombeza marehemu mbele ya wote, anamwambia amekimbia madeni, anaigiza alivyokuwa akitembea, anadai alipwe ndipo sanduku linyanyuliwe. Mjane, ambaye hajala tangu jana, anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Watanzania nao wana watani wao wanaofanya vivyo hivyo msibani. Wazee waliotunga desturi hiyo walijua kwamba kifo kisichoweza kutaniwa kitawatawala walio hai.

Sasa toka chini ya hema hilo, nenda nyumbani kwako, keti na watoto, useme: "Wanangu, nataka tuongee siku nitakapokufa." Utajibiwa nini? "Baba, shiye hatutaki kusikia ile maneno!" Mke atauliza kama daktari amekwambia kitu unachomficha. Mdogo wako atapiga simu usiku kuuliza nani anakuroga. Tumeshikilia kwamba kuongea kifo ni kukiita. Kama ingekuwa kweli, maseremala wa masanduku wa mji huu wangekwisha wote, na mapadri, na wauguzi, na mimi hapa nisingemaliza kipindi hiki.

Ukimya huo una bei. Bei yake inaonekana baada ya maziko, wakati viti vya kukodi vinarudishwa na jamaa ya marehemu wanabaki nyuma "kuongea". Muyomba, yaani mjomba, anauliza ufunguo wa gari. Dada wa marehemu anaangalia friji. Mjane, kichwa bado kimefungwa kitambaa, anaulizwa hati ya lupango iko wapi, naye hajui, kwa sababu mumewe hakumwonyesha hata siku moja. Kumwonyesha kungekuwa kukiri kwamba siku moja ataihitaji peke yake. Halafu mlangoni anatokea kijana wa miaka 19, amesafiri toka Likasi, ana pua ya marehemu, na hakuna karatasi hata moja inayomtaja.

Sheria ipo. Sheria yetu ya Familia, ile wengi tunaiita kwa Kifaransa Code de la famille, ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987. Ndiyo, siku ya wazazi yenyewe. Ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inasema robo tatu ya urithi ni ya watoto. Robo inayobaki wanagawana mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe na kutumia vyombo vilivyomo. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa nao ni warithi, mradi baba aliwatambua kisheria akiwa hai. Sikilizeni tena hayo maneno: akiwa hai. Na wasia si jambo la matajiri wa katikati ya mji tu. Unaweza kuuandika mwenyewe nyumbani, wote kwa mkono wako, ukatia tarehe na sahihi. Unaweza kuufanya mbele ya notari au ofisa wa hali ya raia. Hata wasia wa mdomo, wa mtu anayeona kifo kimekaribia, sheria inaujua, ingawa una mipaka yake. Kwa hiyo tusisingizie serikali katika hili. Karatasi na kalamu zinauzwa hata katika soko la komine yetu ya Kenya.

Mtu ataniambia: huyu anaongea urithi, na tangazo la kipindi lilisema ataongea maisha. Subiri.

Nina jirani, mzee wa Katuba, aliyefanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines maisha yake yote. Mnajua wazee hao walivyolelewa. Kampuni, tangu ilipoitwa Union Minière, iliwapa nyumba, mgawo wa unga, hospitali, shule ya watoto. Walikuwa wakisema kazi njo baba, kazi njo mama. Nani anafikiri mama yake atakufa? Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ingawa hiari hiyo wengi wao hawaioni hadi leo. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuwa amekwishatoa mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, na kichwa chake kinazungumza habari za watoto wa Shaba (jina la Katanga enzi ya Zaire) walioachwa na baba yao. Mzee wangu ni mmoja wao. Kwa miaka mingi baada ya hapo aliishi kama mtu anayesubiri kuitwa tena kazini. Hela kidogo alizopata alizifunga. Kostimu yake nzuri, ya rangi ya majivu, aliyoshonewa zamani, ilikaa ndani ya kasha na dawa ya nondo. Ya siku kubwa, alisema. Siku kubwa haikufika.

Kilichombadilisha si mahubiri. Rafiki yake wa idara moja alikufa, na alipokwenda kumuaga hospitalini akaona amevikwa kostimu mpya kabisa ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo. Alirudi nyumbani akiwa kimya. Jumapili hiyo alitoa yake kwenye kasha akaenda nayo misa, ikiwa na harufu ya dawa ya nondo, watu wakisogea kidogo kwenye benchi. Akaniambia: "Niliona sanduku njo litavaa ile nguo, miye nitabaki kuilinda." Mwezi uliofuata aliwaita watoto wote sita, na yule wa saba ambaye hao sita walikuwa wakimsikia tu. Aliwaonyesha hati ya lupango. Aliandika. Alimtumia mdogo wake wa Kipushi ujumbe, baada ya ugomvi uliodumu tangu wakati wa Mobutu, juu ya ng'ombe mmoja.

Nataka mnielewe: mzee huyu hakuwa mtakatifu, wala hakuanza kunena kwa busara. Bado ni mkali, bado anadai kwamba mwamuzi alituibia kila Mazembe inapofungwa. Lakini anakwenda uwanjani Kamalondo sasa, ambako zamani alisikiliza kwa redio ili kuokoa franga za tiketi. Anachagua. Kuna mikutano ya ukoo ambayo hahudhurii tena, na anasema wazi kwa nini: hana muda. Mtu wa miaka 70 na zaidi, hana kazi, anasema hana muda! Na ni kweli tupu.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Laura Carstensen, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba binadamu akihisi muda uliobaki ni mfupi, anaacha kukusanya watu na vitu kwa ajili ya kesho, anakaa na wale wachache wenye maana kwake, na moyo wake unatulia kuliko tunavyodhani. Wazee wanakuwa hivyo, na vijana walio na ugonjwa wa kutisha pia. Mmarekani mwenzake, Ernest Becker, alitoa mwaka 1973 kitabu kinachodai kwamba sehemu kubwa ya tunayojenga, mamlaka, mali, sanamu, tunayajenga ili tusahau kwamba tutakufa. Becker mwenyewe alikufa kwa saratani Machi 1974, na Mei kitabu kikapewa tuzo ya Pulitzer. Hakuiona.

Hapo najua vijana wa migodini wananicheka. Wao wananiambia: mzee, sisi kifo tunakijua kuliko wewe, tunaingia nacho shimoni kila asubuhi. Hawadanganyi. Tarehe 27 Juni 2019, kule Kolwezi, ardhi iliporomoka ndani ya mgodi wa Kamoto Copper Company, wachimbaji zaidi ya 40 waliokuwa wameingia kuchimba kwa mikono wakafa. Na tunajua mchimbaji akipata gunia zuri la kobalti, hela inaweza kwisha usiku ule ule kwenye bia na wanawake, kwa sababu kesho nani anaijua.

Lakini huko siko kukubali kifo, ndugu zangu. Huko ni kukikimbia kwa njia ya baa. Muulize kijana yule kama amemwambia mtu jina kamili la mama yake na anakaa wapi, ili wajue wa kumpigia simu akifukiwa. Muulize kama mtoto wake ameandikishwa. Atakuomba mbadilishe mazungumzo, sawasawa na yule bwana mkubwa mwenye nyumba nne ambaye hana wasia. Mmoja anakula kila kitu leo, mwingine hali kitu; wote wawili hawataki kuitazama ile sehemu ya makaburi isiyochimbwa. Na simlaumu kijana zaidi ya huyo mwenye nyumba nne. Kijana angalau ana sababu: shimo, njaa, na bei ambayo si yeye anayeipanga.

Kuna ukanaji mwingine, nao kwangu ni mbaya kuliko yote. Ni ule unaosema hakuna kifo cha kawaida. Mzee wa miaka 82 akifa, anatafutwa aliyemuua. Wahubiri fulani wa mji huu wamefanya biashara kubwa hapo. Ukishaamini kwamba kila kifo kina mchawi wake, basi wewe mwenyewe si mtu wa kufa. Wewe ni mtu ambaye bado hajarogwa. Na mchawi akikosekana, anatafutwa aliye mdogo kuliko wote nyumbani, yatima, mtoto anayeota usiku au anayekojoa kitandani. Baadhi ya watoto mnaowaona wamelala kwenye veranda za maduka katikati ya mji walitolewa nyumbani kwa maneno hayo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Mtu mzima ameshindwa kukubali kwamba babu alikuwa mzee na moyo ulichoka. Mtoto wa miaka 8 analipa kwa kulala kwenye saruji.

Nitoke hapo, nirudi mwaka 1961, kwa sababu mji huu hauwezi kuongea kifo bila kuutaja mwaka huo. Tarehe 17 Januari, kule Shilatembo, si mbali na hapa, Patrice Lumumba aliuawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Lumumba alikuwa na miaka 35. Mwili wake uliharibiwa ili asipate kaburi. Jino moja likabaki mikononi mwa polisi Mbelgiji, likarudishwa kwa familia Juni 2022, likapita hapa Lubumbashi likiwa ndani ya sanduku, likazikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi ule. Watu wanakumbuka mauaji, na ni haki. Mimi nakumbuka pia kwamba alipokuwa kifungoni, akijua mambo yanaelekea wapi, alimwandikia mkewe Pauline barua. Hakujidanganya kwamba atatoka. Aliandika maneno aliyotaka mkewe na watoto wabaki nayo, na kwa miaka 61 bila kaburi, familia ilikuwa angalau na barua.

Miezi minane baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, hapo ng'ambo ya mpaka, akiwa njiani kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Nyumbani kwake New York walikuta daftari lake la siri, na pamoja nalo barua aliyomwachia rafiki yake, ikimruhusu kulichapisha akiona inafaa. Lilichapishwa mwaka 1963, na kurasa nyingi humo anaongea na kifo chake waziwazi. Mmoja mpigania uhuru, mwingine mtumishi wa dunia, na mwaka uliotangulia walikuwa na kutoelewana kukubwa. Lakini wote wawili walikuwa wameandika. Na hakuna anayeweza kusema watu hao waliishi kwa kujificha.

Basi hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kufikiri kifo kunamfanya mtu kuwa mzito, mwenye huzuni, asiye na hamu ya chakula. Ninaowafahamu mimi, waliokwisha kupanga mambo yao, ndio wanaokula vizuri mchana wa tarehe 1. Hawana deni la maneno na mtu. Mke anajua hati iko wapi, watoto wanajuana kwa majina. Wanaogopa kufa, ndiyo. Hata mimi naogopa. Ila hofu yao imepewa kazi ya kufanya, ikaacha kuzurura ndani ya nyumba usiku.

Wasikilizaji, muda wangu unakwisha, fundi wa mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo mtafyeka, mtasali, mtakula, hayo hamhitaji kufundishwa. Ninayetaka kumalizia naye ni wewe baba unayenisikiliza ukiwa umepunguza sauti ya redio kidogo. Una mtoto Likasi, au Kasumbalesa, au hapa hapa Ruashi. Unampelekea karo kwa siri, na mama yake hajawahi kukusumbua. Mtoto huyo, ukifa kesho, mbele ya sheria si kitu kwako, hata kama ana sura yako yote. Tarehe 1 ofisi zimefungwa. Zikifunguliwa tu, nenda ofisi ya komine, mtambue. Kisha rudi nyumbani umwambie mkeo wewe mwenyewe, kabla daftari la kilio halijamwambia.